Kazi za Kompyuta: Ipi Inakufaa?

Soma ukurasa huu polepole. Ukikutana na neno gumu, lirudie mara mbili.

Leo tunazungumza juu ya kazi za kompyuta. Siku hizi kijana husema, "Baba, nataka kusomea kompyuta." Mzazi huuza ng'ombe akalipa ada. Miaka miwili hupita. Kijana hurudi na cheti, lakini kazi aliyosomea haipendi wala haiwezi. Ng'ombe amekwenda, na miaka imekwenda.

Kosa liko wapi? Kosa ni kudhani kwamba kompyuta ni kazi moja. Ni sawa na mtu kusema, "Nataka kazi ya kujenga nyumba." Tutamwuliza, "Uwe mwashi, seremala, fundi bomba, au fundi umeme?" Kila mmoja ana ujuzi wake.

Kwanza tutazame tulikotoka. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na zikawa adimu kwa miaka mingi. Mwaka 2007 M-Pesa ilianza Kenya, na mwaka 2008 ikaanza Tanzania. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM, yaani waya mkubwa unaopita chini ya bahari, ulifika Mombasa na Dar es Salaam. Basi leo hata mwenye duka la kijijini hutumia kompyuta ndogo, nayo ni ile simu yake.

Haya, sasa tutazame kazi nne.

Kazi ya kwanza ni fundi wa vyombo. Huyu hufungua simu na kompyuta zilizoharibika. Hubadilisha kioo na betri, husafisha vumbi, hutafuta mahali umeme ulipokatika. Anayefaa ni mtu mwenye mikono iliyotulia, asiyepoteza skrubu. Kazi hii huweza kuanza na meza moja sokoni.

Kazi ya pili ni fundi wa mtandao. Ndani ya mkongo mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele. Habari hupita humo kwa njia ya mwanga. Fundi huulaza mkongo ardhini, huunga uzi uliokatika, na wengine hupanda minara ya simu. Anayefaa ni mtu asiyeogopa jua wala kimo, na aliye tayari kuitwa usiku.

Kazi ya tatu ni mwandishi wa programu. Programu ni maagizo yanayoiongoza kompyuta, hatua kwa hatua. Fikiri juu ya kutuma fedha kwa simu. Kompyuta huuliza namba ya mpokeaji, kisha kiasi, kisha namba ya siri. Namba ya siri ikikosewa, inakataa. Fedha zikiwa pungufu, inakataa. Kila kitu kikiwa sawa, inapunguza huku na kuongeza kule. Yuko mtu aliyekaa akaandika hatua hizo zote. Anayefaa ni mtu mvumilivu, anayependa hesabu na mafumbo. Ajifunze na Kiingereza, maana lugha nyingi za programu hutumia maneno ya Kiingereza.

Kazi ya nne ni mlinzi wa mitandao. Bila shaka umewahi kupata ujumbe usemao, "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Huo ni wizi. Wezi wengine hawaandiki ujumbe. Huvunja milango ya kompyuta za benki na ofisi. Mlinzi hutafuta mlango ulio wazi kabla mwizi hajauona. Anayefaa ni mtu mwaminifu na mdadisi. Lakini lazima aujue kwanza mtandao au programu, maana huwezi kulinda nyumba usiyojua milango yake.

Je, kazi hizi ni za wanaume tu? Hapana. Mwaka 1946 kompyuta iitwayo ENIAC ilionyeshwa kwa watu huko Marekani. Waliokuwa wakiipangia hesabu zake walikuwa wanawake sita. Basi usimzuie binti yako.

Sasa, utachaguaje? Wazee walisema, mchagua jembe si mkulima. Ni kweli. Lakini mkulima hutazama udongo kabla ya kupanda. Nawe, kabla ya kulipa ada, fanya mambo matatu.

Kwanza, mtafute mtu anayeifanya kazi hiyo. Mwulize anafanya nini tangu asubuhi mpaka jioni, na jambo gani humchosha.

Pili, kikague chuo. Uliza kama kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia mafunzo ya ufundi. Viko pia vyuo vya VETA. Uliza wanafunzi wangapi hutumia kompyuta moja, na kama hugusa vyombo au huandika daftarini tu. Uliza jumla ya gharama, pamoja na mitihani.

Tatu, jijaribu kwa gharama ndogo. Hapa ndipo kazi yako ya juma hili. Andika karatasini hatua zote za kutuma fedha kwa simu, ila namba yako ya siri usiiandike kamwe. Mpe jirani asiyejua, afuate maandishi yako tu. Akikwama, sahihisha hatua ile, ajaribu tena. Je, ulifurahia kutafuta kosa? Huenda uandishi wa programu unakufaa. Je, ulifurahia zaidi kumwelekeza jirani? Basi iko kazi ya tano: kuwafundisha na kuwasaidia wanaotumia kompyuta. Ofisi nyingi zina mtu wa namna hiyo.

Kama kusoma umejua juzi tu, usikate tamaa. Kazi zote hizi huanza na kusoma vizuri na kufuata maagizo, na hayo unayafanya sasa hivi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini si vizuri kusema tu, "Nitasomea kompyuta"?
2. Fundi wa mtandao na mwandishi wa programu wanatofautianaje?
3. Utauliza nini chuoni kabla ya kulipa ada?
4. Katika kazi tano tulizosoma, ipi inakufaa wewe au mtoto wako? Eleza sababu.

Kwaheri, mpaka somo lijalo.