Upelelezi Haujakamilika, Mpaka Lini? Niliyosema kwa Vijana Kuhusu Kesi za Mauaji



Leo sianzi na uchaguzi. Naanza na mama mmoja wa mtaani kwetu. Kijana wake alikamatwa kwa tuhuma za mauaji. Kila baada ya wiki mbili mama anaacha biashara yake ya vitumbua, anapanda daladala kwenda mahakamani. Anamwona mwanawe akishushwa kwenye karandinga, anasikia yale yale: "Upelelezi haujakamilika." Kesi inaahirishwa. Mwaka wa tatu sasa.

Tuelewane vizuri. Mwaka 2022 Bunge lilirekebisha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai: mtu asishtakiwe kabla upelelezi haujakamilika. Safi kabisa. Lakini makosa makubwa, mauaji yakiwemo, yakaachwa nje. Na mauaji hayana dhamana! Yaani anayeumia zaidi ndiye ambaye sheria haikumgusa.

Mahakama ya chini haiisikilizi kesi hiyo, inaitaja tu mpaka ipelekwe Mahakama Kuu. Marekebisho hayo hayo yaliondoa ulazima wa jaji kukaa na wazee wa baraza. Kule juu wakapunguza hatua, foleni ya huku chini wakaiacha vile vile.

Kuna mtu ataniuliza, "Kamanda, unatetea wauaji?" Hapana. Familia ya marehemu nayo inasubiri. Miaka ikipita shahidi anasahau, anahama, anafariki. Aliyeua kweli anaweza kupona kwa kuchelewa huko, na asiye na hatia anaozea mahabusu.

Tena hukumu yenyewe inaweza kuwa kunyongwa. Mwaka 2019, sheria ilipokuwa haimpi jaji hiari, Mahakama ya Afrika, iliyopo hapa hapa Arusha, ilisema ulazima huo unakiuka haki ya kuishi. Kesi yenye uzito huo tunaiendeshaje kwa "njoo wiki mbili zijazo"?

Madai yetu ni matatu. Upelelezi uwekewe ukomo kisheria, mauaji yakiwemo. Mtuhumiwa asiye na uwezo apewe wakili tangu siku ya kwanza. Jaji awe na hiari ya adhabu.

Kazi ya nyumbani: wiki hii nenda mahakama ya wilaya yako, kaa nyuma, hesabu kesi za mauaji zinazoahirishwa. Tuletee hesabu hiyo, tukambane nayo mbunge.

Hakuna kulala.