Deni la mtoto, ni deni la mama?

Mazungumzo ya komite mbele ya wanachama, kwenye mkutano wa mwezi



Leo hatuanzi na hesabu ya kasa. Tunaanza na mama mmoja wa kwetu. Tulikuwa naye kambini Tanzania, tukavuka ziwa naye kurudi hapa Fizi. Ametupa ruhusa ya kueleza habari yake, ila jina hatutaji.

Mtoto wake, mwanaume wa miaka 26, alikopa dola 300 kwa mkopeshaji, ile kazi tunaita banki lamberi: unapewa 300, kisha mwezi unarudisha 450. Alitaka kuuza mafuta ya mawese. Biashara ikaanguka, akaenda zake, simu ikafungwa. Mkopeshaji akaja kwa mama. Mara ya kwanza kwa upole: «Mama, si wewe ulimuzaa?» Mara ya pili alikuja na vijana wawili, wakabeba mabati 12 aliyokuwa ameweka kwa kumaliza nyumba yake. Mara ya tatu mama aliitwa kwa polisi. Alilala kasho usiku tatu, akatoka kisha kutia kidole kwenye karatasi ambayo hajui kuisoma.

Sasa tunawauliza: nani hapa anawaza mama yule analazimika kulipa? Inueni mikono. Eeh, ni mingi. Hata sisi wa komite, zamani tungeinua. Basi tukaenda kuuliza avoka, na haya ndiyo tuliyoelezwa.

Sheria ya Congo juu ya mapatano, ile ya mwaka 1888 ambayo ingali inafuatwa, inasema mapatano yanafunga wale walioyafanya. Mama hakupatana na mkopeshaji, hakupokea franka hata moja. Kuzaa mtu si kusaini pamoja naye. Mtu mzima anabeba deni lake mwenyewe. Baba, mama, kaka, mjomba, hakuna anayelipishwa kwa sababu ya damu tu.

Na kasho je? Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 17, inasema mtu hakamatwi wala hafungwi kwa kosa la mwingine. Kifungu cha 18 kinasema polisi hawawezi kumuweka mtu zaidi ya saa 48 pasipo kumufikisha mbele ya wakubwa wa sheria. Tena inchi yetu iliingia katika mapatano ya mataifa yanayokataza kumufunga mtu kwa sababu tu hana uwezo wa kulipa deni la mapatano. Mkopeshaji akisema si deni, ni wizi au udanganyifu, basi amushitaki yule aliyedanganya. Mama yake hapana.

Lakini tusikilizane vizuri, wandugu. Kuna milango ambayo deni la mwingine linaweza kuingilia nyumbani mwako.

Mlango wa kwanza ni udhamini. Ukisaini kwamba «asipolipa, nitalipa mimi», umejifunga kweli, na mara nyingi mkopeshaji anaweza kukufuata hata mbele ya kumaliza mali ya mkopaji. Ila udhamini haukisiwi. Sheria ya biashara ya OHADA, ambayo Congo iliingia mwaka 2012, inataka karatasi yenye sahihi, na mdhamini aandike kwa mkono wake kiasi cha mwisho, kwa tarakimu na kwa maneno. Asiyejua kuandika anasindikizwa na mashahidi wawili. Na ukubali uliotolewa kwa nguvu si ukubali. Pimeni wenyewe ile karatasi ya kasho.

Mlango wa pili ni kundi la mkopo. Kama mumesaini watu kumi kwamba kila mmoja anajibu kwa wote, mmoja akikimbia, tisa wanabaki na mzigo.

Wa tatu ni ndoa. Mali ya mume na mke inaweza kuwa ya pamoja, kufuatana na namna walivyooana, na deni la mahitaji ya nyumba linaweza kugusa wote wawili.

Wa ine ni kifo. Madeni ya marehemu yanalipwa kwanza kutoka mali aliyoacha, ndipo waliobaki wanagawana. Kama munaona madeni yanapita mali, musiguse kitu kwanza. Muulize avoka.

Mutatuambia: na desturi yetu je? Jamaa inaweza kukaa, kuchanga, kulipa kwa kulinda jina la nyumba. Hiyo ni vizuri, hatuikatazi. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwenye matanga jamaa haikimbii. Ila mchango unatoka moyoni. Ukitolewa juu ya woga wa kasho, si desturi tena.

Sasa neno gumu. Sisi wenyewe tulikosa. Mwanachama mmoja alipokufa na deni la kasa yetu, tulimwendea mdogo wake, aliyekuwa ameandikwa kwenye fomu kama «shahidi» tu. Hakurizi kitu chochote. Alilipa dola 40 kwa haya. Hatukumpiga wala kumtisha, lakini tulitumia mlango uleule wa mkopeshaji. Komite imekata neno: ile dola 40 itarudishwa kwake mwezi huu. Marafiki munaotusaidia, mutaiona kwenye ripoti, imeandikwa wazi.

Tumekata tena hivi. Fomu mpya itatenga shahidi na mdhamini, na kila moja itasomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya sahihi. Kasa haitalipa deni la banki lamberi la mtoto wa mwanachama, sababu tukilipa moja, kesho wakopeshaji watapanga mstari kwenye mlango wetu. Ila kasa italipa safari na karatasi za mwanachama anayebanwa kwa deni lisilo lake. Kwa yule mama tumeanza: wanachama wawili walimsindikiza tribinali ya amani kushitaki. Mabati hayajarudi bado. Kesi inaendelea, na hatutaki kuwadanganya kwamba itakuwa rahisi.

Hivi, mtu akibisha kwako juu ya deni la ndugu yako, muulize: karatasi iko wapi, na sahihi yangu iko wapi? Usisaini siku hiyo. Usiende peke yako. Pita kwanza kwa komite, hata usiku.

Na wewe kijana uliyekimbia, kama habari hii inakufikia: dawa ya deni ni kulipa. Mama yako hana deni. Ni wewe unalo. Rudi tukae, tupange pole pole.