Kuorodhesha na Kuainisha Vitabu katika Maktaba za Mara: Mada kwa Wakutubi na Walimu wa Maktaba wa Musoma, Bunda na Butiama

Utangulizi



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuorodhesha na kuainisha vitabu. Nitafanya hivyo kwa kutumia vitabu vinavyotuhusu sisi wa mkoa huu: maandishi ya Mwalimu Julius Nyerere, riwaya za majirani zetu wa Ukerewe, na machapisho ya historia na lugha za Mara. Ndivyo vinavyotarajiwa kupatikana kwetu kabla ya kwingine kokote, na ndivyo vinavyompa mkutubi maswali magumu kuliko vitabu vya kiada.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kitabu kilichomo maktabani lakini hakionekani siku kinapohitajiwa hakimfai msomaji lolote. Hoja yangu ni hii: maktaba zetu ndogo hazikosi kanuni, kwani kanuni zipo tangu zamani. Kinachokosekana ni maamuzi yaliyoandikwa. Mkutubi huamua jambo kichwani, akihamishwa huondoka nalo, na anayempokea huamua kwa njia nyingine. Baada ya miaka michache vitabu vya mwandishi mmoja vimetawanyika chini ya majina matatu, na hakuna ajuaye sababu.

1. Kazi mbili zinazokamilishana

Kuorodhesha ni kukieleza kitabu: mwandishi, jina la kitabu, toleo, mahali na mwaka wa kuchapishwa, mchapishaji, idadi ya kurasa, namba ya ISBN na mada zake. Kuainisha ni kukipa kitabu namba ya somo lake ili kikae karibu na ndugu zake kwenye rafu. Kitabu kina nafasi moja tu rafuni. Katika katalogi kinaweza kuwa na maingizo mengi kadiri wasomaji wanavyoweza kukitafuta: kwa mwandishi, kwa jina, kwa mada, kwa mfasiri.

Mwaka 1876 Mmarekani Charles Cutter aliandika kwamba katalogi imwezeshe mtu kukipata kitabu akijua mwandishi, au jina, au mada, na imwonyeshe maktaba ina nini. Mwaka huohuo Melvil Dewey alichapisha mfumo wake wa namba wenye madaraja kumi, kuanzia 000 hadi 900. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1963 na kuundwa upya kwa Sheria Na. 6 ya mwaka 1975, hutumia mfumo wa Dewey. Kwa hiyo nawashauri walimu wa shule za msingi na sekondari mtumie Dewey pia, hata kama ni kwa namba fupi za tarakimu tatu. Mwanafunzi aliyezoea kuona 630 kwenye kilimo shuleni kwake ataikuta namba hiyohiyo katika maktaba ya mkoa hapa Musoma.

2. Vitabu vya Mwalimu: rafu hutawanya, katalogi hukusanya

Msomaji akija na kusema, "Naomba vitabu vya Nyerere," atarajie nini? Tukimfuata Dewey bila kuteleza, atazunguka karibu maktaba nzima. Ujamaa, mkusanyo wa mwaka 1968, unakwenda 335, mahali pa ujamaa na mifumo inayohusiana nao. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 inakwenda 370.9678, elimu katika Tanzania. Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania unafaa 320.9678, siasa ya Tanzania. Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969 inakwenda 822.33, kwa sababu tafsiri hufuata kazi ya asili, na 822.33 ni namba ya Shakespeare. Tenzi za Enjili alizozitoa mwaka 1996 zina madai mawili: 226, panapokaa Enjili, na 896.3921, panapokaa ushairi wa Kiswahili.

Mtawanyiko huu hauna kosa. Mwalimu wa chuo cha ualimu Bunda anayetafuta falsafa ya elimu anastahili kukikuta kijitabu cha Mwalimu pamoja na vitabu vingine vya elimu. Kinachotakiwa ni katalogi irudishe pamoja kile ambacho rafu imekitenganisha. Ingizo la mwandishi "Nyerere, Julius K. (Julius Kambarage), 1922–1999" lipatikane kwenye kila kimoja, hata pale alipokuwa mfasiri. Kwa Mabepari wa Venisi mwandishi mkuu ni Shakespeare, lakini asiyeandika ingizo la nyongeza kwa mfasiri amemficha Nyerere kwa msomaji wa Butiama.

Juliasi Kaizari ina funzo jingine. Toleo la mwaka 1963 lilibaki na jina Julius Caesar, na toleo lililosahihishwa la mwaka 1969 likaitwa Juliasi Kaizari. Mkutubi asipoweka jina moja la kuziunganisha, maktaba itaonekana ina tafsiri mbili za watu wawili.

Azimio la Arusha nalo lina funzo lake. Wengi hulitafuta chini ya Nyerere, lakini lilitolewa mwaka 1967 kwa jina la chama. Ingizo kuu ni TANU, na Nyerere aandikwe kwenye ingizo la nyongeza. Tena, TANU iliungana na ASP tarehe 5 Februari 1977 ikazaliwa CCM. Machapisho ya kabla ya siku hiyo yabaki chini ya TANU, na rejeo la "angalia pia" limpeleke msomaji CCM.

3. Jina moja kwa mwandishi mmoja

Majina yetu hayafanani na ya Wazungu, ambao kwao jina la mwisho ni la ukoo. Shaaban Robert ni Shaaban mwana wa Robert. Aandikwe kwenye S au kwenye R? Kila njia ina hoja yake. Hatari ni kuzitumia zote mbili, Kusadikika ikawa kwenye S na Adili na Nduguze kwenye R. Chagueni moja, iandikeni katika orodha ya majina sanifu, kisha wekeni rejeo la "angalia" kutoka jina lile jingine. Kabla ya kubuni umbo jipya la jina, tazameni Bibliografia ya Taifa inayotolewa na Bodi. Huenda uamuzi umeshafanywa.

4. Ukerewe: lugha ya kitabu na lugha ya kazi

Kutoka Kisorya, wilayani Bunda, kivuko huvuka hadi Rugezi, Ukerewe. Huko walitoka waandishi wawili ambao kila maktaba ya kanda hii inapaswa kuwa nao. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944, hana utata: Rosa Mistika ni riwaya ya Kiswahili, 896.3923, na Kichomi ni mashairi, 896.3921.

Aniceti Kitereza ni swali zito. Aliandika riwaya yake kwa Kikerewe miaka ya 1940, hakupata mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaichapisha mwaka 1980 kwa jina Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kwa kanuni ya tafsiri kufuata asili, namba ingekuwa ya fasihi ya Kikerewe. Hata hivyo msomaji wa Bunda ataitafuta kwenye riwaya za Kiswahili. Mimi ningeiweka 896.3923, kwa kuwa maneno ya Kiswahili ni ya mwandishi mwenyewe, na katika maelezo ningeandika wazi: "Iliandikwa kwanza kwa Kikerewe." Ningeongeza vichwa vya mada juu ya ndoa, mila na maisha ya Wakerewe, kwa kuwa kitabu hiki kina mengi ya kumfaa hata mtafiti wa mila.

5. Maandiko ya Mara yenyewe

Mwaka 2003 Brill ya Leiden ilichapisha Telling Our Own Stories, mkusanyo wa historia za Mara Kusini kwa Kiswahili na Kiingereza, uliohaririwa na Jan Bender Shetler. Ndani yake mna historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe. Katalogi ikiishia kwenye jina la mhariri, wazee walioandika wamefutika. Kitabu cha namna hii kinastahili ingizo la sehemu kwa kila mwandishi na kwa kila jamii inayoelezwa. Ni kazi ya saa chache inayodumu miaka mingi.

Majina ya jamii zetu yana tahajia zaidi ya moja: Wakurya na Wakuria, Wangoreme na Wangurimi. Mipaka nayo imehama: Butiama ilikuwa ndani ya Musoma kabla ya kuwa wilaya, na kabla ya Mkoa wa Mara kuundwa tulikuwa ndani ya Jimbo la Ziwa. Ripoti ya zamani yenye jina "Musoma" huenda inahusu kijiji kilichopo Butiama leo. Marejeo ya "angalia" na "angalia pia" ndiyo yatakayomwongoza msomaji.

Vijitabu vyembamba vya Kizanaki, Kijita au Kiikizu, pamoja na vijitabu vya siasa kama Tujisahihishe cha mwaka 1962, havina mgongo wa kubandika namba. Visibanwe katikati ya vitabu vinene. Viwekwe kwenye masanduku ya kadibodi yenye namba, na kila kijitabu kiwe na ingizo lake katika katalogi.

6. Vichwa vya mada kwa maneno ya msomaji

Orodha ya vichwa vya mada ya Sears, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1923 kwa ajili ya maktaba ndogo, ni msaada mkubwa, lakini ni ya Kiingereza. Mvuvi wa Musoma haulizi kwa Kiingereza. Anauliza sangara, dagaa, nyavu. Mkulima wa Bunda anauliza pamba. Namba zibaki zilezile, 639.2 kwa uvuvi na 633.51 kwa pamba, lakini vichwa vya mada viandikwe kwa Kiswahili: UVUVI – ZIWA VICTORIA; SANGARA; PAMBA – KILIMO; DHAHABU – UCHIMBAJI. Kichwa kikishachaguliwa kisibadilishwe kwa matakwa ya siku.

7. Makusanyo ya mtu mmoja

Nyumbani kwa Mwalimu, Mwitongo, Butiama, imo maktaba yake binafsi. Makusanyo ya namna hiyo yaorodheshwe kitabu kwa kitabu, lakini yasitawanywe wala kuchanganywa na vitabu vya kawaida. Thamani yake imo pia katika kujua kwamba vitabu hivi viliwekwa pamoja na mtu huyu. Alama za kalamu, majina ya waliomzawadia na tarehe ziandikwe katika maelezo. Kanuni hiyo itumike pia kwa vitabu vya mwalimu mstaafu au padri atakayeiachia shule yenu mali yake.

Mapendekezo

Kwanza, kila maktaba ifungue daftari la maamuzi: majina sanifu, vichwa vya mada, na namba zilizoleta ubishi pamoja na sababu zake. Daftari hili likabidhiwe kwa maandishi pamoja na rejesta ya kupokelea vitabu.

Pili, maktaba za Musoma, Bunda na Butiama zibadilishane orodha za machapisho yanayohusu Mara, ili ipatikane orodha moja ya mkoa. Kwa kuanzia, jedwali la kompyuta linatosha. Wenye uwezo watumie Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000 na isiyo na ada ya leseni.

Tatu, kila anayechapisha kitabu mkoani, awe mtu binafsi, kanisa au halmashauri, aombe ISBN na apeleke nakala kwa Bodi kama sheria inavyotaka. Kitabu kisichofika huko hakiingii katika Bibliografia ya Taifa.

Hitimisho

Ndugu washiriki, kazi hii haihitaji kungoja bajeti. Mkirudi vituoni anzeni na rafu ya Mara: toeni vitabu vyote, andikeni upya maingizo yake, fungueni daftari la maamuzi. Mtoto wa Bunda ana haki ya kuyapata yaliyoandikwa juu ya watu wake, na kumwezesha ni wajibu wetu wa kitaaluma.