TUISOMEJE PICHA YA MWANAMKE MWENYE MANDOLINI?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimetakiwa niseme machache juu ya picha ambayo nakala yake imebandikwa hapa ubaoni. Aliichora Pablo Picasso mjini Paris mwaka 1910, na leo imo katika Jumba la Sanaa za Kisasa, New York. Nimesikia minong'ono huko nyuma kwamba hata mtoto wa darasa la pili angeweza kuichora. Basi tuanzie hapo.

Picasso alijua kumchora mtu sawasawa na alivyo. Alifanya hivyo angali na miaka 14. Kama aliacha, aliacha kwa kusudi. Tazameni: kichwa ni kama sanduku, bega limekatwa pembe, mkono umegawanyika vipande. Huu ndio mtindo wa Kubizimu, yaani wa michemraba, aliouanzisha pamoja na Georges Braque. Kamera humwona mtu kutoka mahali pamoja tu. Mchoraji huyu ni kama aliyemzunguka, akaziweka pande kadhaa juu ya kitambaa kimoja. Rangi nazo amezibana, zikabaki kahawia na kijivu, ili jicho lisilewe rangi likasahau umbo.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la Wazungu peke yao. Mwaka 1907 Picasso aliona vinyago vya Afrika katika makumbusho ya Trocadéro, Paris. Wachongaji wa Afrika walikwisha kujua kwamba kinyago chaweza kusema kweli juu ya uso bila kufanana nao. Yeye alipata sifa. Wengi wao hata majina yao hayakuandikwa.

Na mwanamke huyu ni nani? Ni Fanny Tellier, aliyekuja kukaa ili achorwe. Alichoka, akaacha kuja, na picha ikabaki bila kumalizwa. Kwangu mimi hapo ndipo penye maana yake: mchoraji alizitafuta pande zote, na bado mtu mwenyewe akamponyoka.

Vijana, shuleni tunapeana majina upesi: huyu mzito, yule mtukutu. Wengi waliokutana hapa leo walipewa majina hayo, na kila jina lilikuwa upande mmoja tu. Mwenzenu mzungukeni kwanza, na hata hapo msiseme mmemmaliza.