Sefaradi: Mji Mmoja, Majina Mawili



Hakuna kitabu kifupi kuliko Obadia katika Agano la Kale: sura moja, aya 21. Katika aya ya 20 tunakutana na wahamishwa wa Yerusalemu walioko Sefaradi, na jina hilo halisikiki tena popote katika Biblia. Limebaki kama shahidi asiye na mwenzake; kila mtu anamsemea.

Na wamemsemea kweli. Targumu, tafsiri ya Kiaramu, iliandika Ispamya, ikaeleweka kuwa Hispania; ndiyo maana Wayahudi wenye asili ya huko huitwa Wasefaradi. Jerome, katika Biblia yake ya Kilatini, aliandika Bosforo. Tusimcheke. Kiebrania kiliandikwa kwa konsonanti tupu, na "katika" ni herufi moja tu, b, inayogandishwa mwanzoni mwa jina: bsprd. Hiyo p husomeka pia f. Ukiimeza b ndani ya jina, Bosforo haiko mbali. Mgeni akisikia Kwa Mtoro, kule Dodoma, atajuaje kama "kwa" ni sehemu ya jina?

Jibu lilitoka makaburini. Wamarekani walianza kuchimba Sardi, magharibi mwa Uturuki, mwaka 1910. Humo likapatikana jiwe la kaburi lenye maandishi ya lugha mbili, Kilidia na Kiaramu, ambalo msomi Enno Littmann alilichapisha mwaka 1916. Atakayeliharibu kaburi anaapizwa: mungu wa kike Artemi amtawanyie ua, nyumba, mali, udongo na maji. Lakini mimi navutwa na mstari wa tarehe. Mwaka wa kumi wa mfalme Artashasta, unasema, halafu: bsprd, ngome. Ni herufi zilezile za Obadia, pamoja na ile b yenye matata! Waajemi, waliotawala huko enzi hizo, nao waliliita jimbo lenye mji huo, yaani Lidia, Sparda.

Kwa hiyo Biblia ya Kiswahili inautaja mji huu kwa majina mawili bila kutuambia: Sefaradi katika Obadia, Sardi katika Ufunuo, kwa sababu jina la pili lilitufikia kwa njia ya Kigiriki.

Kuna pingamizi, nami nalipa uzito: je, wahamishwa wa Yerusalemu walikuwako Sardi kweli? Mwanahistoria Josephus anaeleza kwamba mfalme Antioko wa Tatu alihamishia Lidia na Frigia familia 2,000 za Kiyahudi kutoka Babeli, lakini hiyo ni karne kadhaa baada ya kuanguka kwa Yerusalemu. Sinagogi kubwa lililofukuliwa Sardi mwaka 1962 ni la baadaye zaidi. Jiwe linathibitisha jina. Wahamishwa wenyewe tunao kwa neno la Obadia tu.

Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walipokelewa na Waothmani, na baadhi ya wazao wao wakaja kuweka maskani Izmir, mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka magofu ya Sardi. Wakaendelea kujiita Wasefaradi, wakimaanisha Hispania.