Gari Likiteleza, Tufanye Nini?

(Mazungumzo na madereva, wanakwaya na viongozi wa jumuiya kabla ya mvua ya masika)



Ndugu zetu, leo hatukuja kuzungumzia mbuzi wa maziwa wala tangi la maji. Mvua inakaribia, na harusi, mazishi na wagonjwa wetu wote watapita kwenye barabara hizi.

Tuanze na lami, maana wengi hudhani utelezi ni wa matope tu. Wakati wa kiangazi mafuta ya magari, vumbi na unga wa mpira wa matairi hukaa juu ya lami. Manyunyu ya kwanza yakishuka, vitu hivyo huwa kama sabuni. Mvua ikizidi husafisha kiasi. Kwa hivyo zile dakika za kwanza, dereva anapofikiri bado hakujanyesha, ni mbaya sana. Mnaijua barabara ya kuteremka kutoka Limuru hadi Mai Mahiu, pale penye kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano mwaka 1942. Pana mteremko, kona, ukungu na malori mazito, yote pamoja. Ingiza gia ndogo kabla hujaanza kuteremka, injini ilishike gari. Usingoje kutafuta breki katikati ya kona.

Haya, sasa limeteleza. Mguu unataka kukanyaga breki kwa nguvu, ukataze. Gurudumu lililokabwa na breki haliongozeki. Toa mguu kwenye mafuta polepole. Kama ni mkia unaokwenda kushoto, zungusha usukani kushoto, taratibu, na ukae tayari kuurudisha, maana mkia ukirudi huweza kupitiliza upande wa pili. Kama ni pua inayokataa kukata kona, usizidi kuzungusha. Legeza usukani kidogo, magurudumu ya mbele yashike, ndipo uongoze. Gari lenye breki za ABS ni tofauti: ukilazimika kusimama, kanyaga kwa nguvu na ushikilie, hata kama breki inatetemeka mguuni.

Tairi kipara halina dawa. Ile mifereji kazi yake ni kutoa maji chini ya tairi.

Pikapu tupu ni nyepesi nyuma, ndiyo sababu utaona wengine wakiweka mifuko ya mchanga juu ya ekseli. Mifuko, jamani, si wanakwaya! Watu waliosimama nyuma gari likiteleza huegemea upande mmoja, na hapo ni rahisi kupinduka.

Lakini neno letu hasa ni kwenu abiria. Zile sheria za 2003, ambazo watu huziita za Michuki, zilileta mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa kwenye matatu. Kidhibiti hakijui kama kumenyesha. Kwenye lami iliyolowa gari huhitaji nafasi karibu mara mbili ili kusimama. Dereva akipunguza mwendo, sisi ndio tunaoanza kunung'unika: "Dereva, tutafika leo kweli?" Kijana wa watu anaona haya, anakanyaga mafuta. Mwacheni aendeshe.

Viongozi, safari za masika ziondoke mapema, na saa nzima ya ziada. Na kilima kikiwa hakipandiki, mwenye harusi apigiwe simu. Wataanza bila kwaya.