Kupima Neno Pweke na Neno katika Tungo: Mwanaisimu na Programu za Seva



Huenda baadhi yenu mnajiuliza mwanaisimu ana hoja gani kuhusu programu za Java zinazoendeshwa katika seva. Hoja yangu ni moja: programu inayoshughulikia Kiswahili haiwezi kupimwa ipasavyo bila wataalamu wa Kiswahili.

Kuna mikabala miwili mikuu ya kuvipima viambajengo vya programu hizo. Wa kwanza hukitenga kiambajengo. Chombo maarufu cha kazi hiyo ni JUnit, kilichoasisiwa na Kent Beck na Erich Gamma mwaka 1997. Hifadhidata halisi huwekwa kando, ikashikiwa nafasi na ya kuigiza. Toleo la 3.0 la Enterprise JavaBeans, la mwaka 2006, liliurahisisha mkabala huu kwa kukifanya kiambajengo kuwa klasi ya kawaida ya Java. Mkabala wa pili hukipima kiambajengo kikiwa ndani ya seva, pamoja na hifadhidata yake. Huenda polepole, lakini hudhihirisha yale ambayo utengano huyaficha.

Tuchukue kiambajengo kinachotafuta maneno katika kamusi. Kikipewa neno ng'ombe, hifadhidata ya kuigiza hurudisha jibu lililoandaliwa, na jaribio hufaulu. Ndani ya seva mambo hubadilika. Iwapo mtayarishaji programu amelibandika neno moja kwa moja katika ombi la SQL, ritifaa huchukuliwa kuwa alama ya kufunga neno. Ombi huvunjika, kamusi haijibu. Kwetu ng' ni sauti moja; kwa hifadhidata hiyo ni mwisho wa neno. Tiba inajulikana: neno lipitishwe kama kigezo, lisishonwe ndani ya ombi.

Hata hivyo, mkabala wa pili nao usingeligundua kosa hilo endapo wapimaji wangetumia meza na kiti pekee. Hapo ndipo ilipo dhima yetu. Nani atawaambia wahandisi kwamba wataka ina uchanganuzi mara mbili, u-a-taka na wa-a-taka, na kwamba programu ya uchanganuzi sharti iyatoe majibu yote mawili? Kila jaribio hulinganisha jibu la programu na jibu tarajiwa. Hapa jibu tarajiwa hutoka katika sarufi.

Wanafunzi wangu, ziandaeni orodha za maneno hayo. Tukinyamaza, mashine itafaulu mitihani isiyotungwa kwa ajili ya lugha yetu, naye aliyeandika ng'ombe kwa usahihi ndiye atakayeonekana amekosea.